Mkono wa Emmah Ukutani

Sehemu ya Sita

Ngumi ya Jackton haikufika kwenye kioo.

Tuliiacha hewani Jumamosi iliyopita, na najua wapo waliokwisha kukivunja kioo hicho mioyoni mwao. Poleni. Ngumi ilisimama upana wa kidole kimoja mbele ya picha, ikafunguka, ikawa kiganja, na kiganja kikapangusa vumbi.

Jackton Ouma ni mlinzi. Kioo hicho kilikuwa chini ya ulinzi wake.

Picha yenyewe ilikuwa kubwa kama mlango. Ilitundikwa kwenye ukuta wa kuingilia ukumbi mmoja kaskazini mwa Jedda, ambako Waayalandi wanaofanya kazi Saudia walikuwa wakimalizia tamasha la muziki wa jadi wa kwao, baada ya kulifungua Riyadh siku ya Alhamisi. Ndani ya picha ameketi mzee wa Kizungu, macho kayafumba, mdomo u wazi. Ubavuni mwake ameketi Emmah Nyaboke wa Nyamira, mfanyakazi wa nyumbani huko Riyadh, mchumba wa Jackton.

Mkono wa Emmah umo ndani ya mkono wa mzee. Wala si salamu. Vidole vimeshikana kama vya watu waliovuka mto pamoja.

Chini ya picha pameandikwa: *Mpiga picha: Protus Wafula Simiyu.*

Protus alikuwa amesimama hatua tatu nyuma, kamera shingoni. Kwa miaka minne ameendesha gari la kafili wake, tajiri aliyemwajiri mjini Riyadh, na ikama yake, kile kibali cha ukaazi, inasema dereva, basi. Madam Noreen, nesi aliyeandaa tamasha, alimwomba kwa kafili ili asafirishe ala za muziki. Alipogundua kwamba dereva ana kamera, akamwambia apige picha, akamuuliza anataka nini. Protus akasema anataka jina lake liandikwe chini ya picha. Lote.

Basi limeandikwa lote.

"Omera, ndugu yangu," Jackton alisema bila kugeuka. "Wewe ndiye Protus Wafula Simiyu?"

"Jack, tumelala chumba kimoja Suwaidi kule Riyadh mwaka mzima kabla hujaletwa huku."

"Nauliza kwa sababu huenda mko wawili."

Protus aliliona tundu la kutorokea. Wangekuwa wawili, mambo yangeishia hapo. Lakini mtu anaweza kukana dhambi, akakana kabila, akakana hata njaa, asiweze kukana picha yake nzuri.

"Ni mimi," alisema. "Mwanga ulikuwa unatoka kushoto."

"Sijakuuliza mwanga."

"Najua. Nakueleza tu."

Jackton aligeuka. Alikuwa mrefu, na sare ya ulinzi ilimwongezea urefu. Akatazama saa yake.

"Sasa ni saa tisa kasoro robo. Saa kumi kamili mjomba Elkanah atanipigia simu. Yuko njiani kwenda Nyamira na wazee watano, wote wamevaa makoti. Nikisema endeleeni, wanaingia kwa kina Emmah kupeleka posa. Nikisema rudini, wanageuza gari, na mimi na huyo msichana, halas, kwisha. Kwa hiyo una saa moja na robo kunieleza huo mkono unafanya nini hapo."

"Ni desturi yao."

"Desturi ya kushika wachumba wa watu?"

"Sikiliza, bana. Kwao, mtu akiimba wimbo wa kale, bila ala, aliye karibu humshika mkono, akauzungusha pole pole mpaka wimbo uishe. Kama mtu anayeteka maji kisimani."

"Maji gani?"

"Hakuna maji, Jack. Ni wimbo."

"Mimi niko kwaya tangu darasa la nne," Jackton alisema. "Sauti ya tatu. Hakuna siku nimezungushwa mkono."

Protus akatoa simu, akampigia mwenyewe wa mkono.

Emmah alipokea simu, sufuria ikilia nyuma yake.

"Wee Protus! Nimeambiwa umenibandika ukutani Jedda kama kalenda! Nilimkubalia madam wako picha ya kutazama kwenye simu, ile ndogo! Nani alikwambia mimi ni mlango?"

"Emmah, niko na Jackton hapa. Anakusikia."

Sufuria iliendelea kulia. Emmah hakulia wala hakunyamaza.

"Jackton, habari ya kazi?"

"Si mbaya," alisema Jackton. "Huyo mzee ni nani?"

"Anaitwa Colm. Nilikuwa nazungusha chai tangu asubuhi kwenye bustani ya kompaundi yetu, walikokuwa wakipiga muziki wao, miguu imefura. Nikaona kiti kitupu, nikaketi. Nimekaa dakika moja tu, mzee akaninyoshea mkono. Sasa wewe niambie, mzee wa umri wa babu yako akikunyoshea mkono, unamwachia hewani? Kwenu hamkufunzwa?"

"Tulifunzwa. Lakini salamu huisha."

"Hii haikuisha! Amefumba macho, machozi yanamtoka, wimbo una beti kumi na moja. Nilizihesabu. Uji wa mtoto uliungua, madam wangu akaniuliza niko wapi, nikamwambia nimeshikwa."

"Ungejitoa."

"Kutoka kwa mzee anayelia?" Sauti ya Emmah ilishuka, na iliposhuka Protus alijua mambo yameharibika. "Jackton, sikiliza vizuri. Kama mkono wangu unakupa shaka, mwambie mjomba wako ageuze gari. Nyumbani wasijisumbue kuchinja. Yalla, naitwa."

Simu ikakatika.

Wanaume wawili walisimama wakiitazama ile simu.

"Amekasirika," alisema Jackton.

"Amekasirika."

"Mwenye hatia hukasirika."

"Asiye na hatia hukasirika zaidi."

Jackton alivuta pumzi. Pua yake ilipanuka, ikarudi mahali pake. "Mimi ni mlinzi. Siamini kadi, naamini uso. Huyo mzee aimbe mbele yangu. Nikiuona mkono unazunguka kama ulivyosema, nitamwambia mjomba endelea. Nisipouona, rudi. Na wewe, Wafula, hutanijua tena."

Akamwita mlinzi mwenzake ashike lango. Wakaingia.

Ndani, wanamuziki kumi na wanne walikuwa wameketi kwa duara, wanatazamana, migongo kwa watu. Ndivyo wanavyopiga Waayalandi hawa. Hawapigii hadhira, wanapigiana wao kwa wao, na wewe uliyekuja kusikiliza unasikiliza migongo.

Duara hilo lilimwaibisha Protus siku ya Alhamisi. Alijifunzia kazi kwenye harusi na kwaya za Bungoma, ambako mpiga picha akiinua mkono, bwana harusi anasimama, mchungaji anasimama, hata ng'ombe wa mahari anageuza uso. Basi kule Riyadh alikatiza wimbo katikati, akawapanga Waayalandi kwa urefu, wafupi mbele, fidla kifuani, mikono imenyooka. Kwa mshangao walitii. Picha ikatoka kama ya watu waliokamatwa mpakani. Madam Noreen aliitazama kwa muda, akasema kwa upole kwamba huenda wangependa pia moja ambayo wako hai.

Ndipo Protus akajifunza kulala chini, kupanda viti, kuchungulia kati ya kiwiko na kiwiko, na kungoja. Na kwa kungoja akaipata ile ya Emmah.

Siku ile ile aliituma kwa mama yake Bungoma. Hakuandika neno. Mama, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akiomba picha ya msichana yeyote, alijibu kwa maswali mawili: anaitwa nani, na kwao ni wapi. Protus alijibu yote mawili, mpaka jina la kijiji. Mpiga picha wa kweli humjua aliyempiga.

"Sasa mwambie aimbe," alisema Jackton.

"Ngoja wimbo huu uishe."

Wimbo uliisha, na kabla mtu hajameza mate, ukaingia mwingine. Fidla sita, filimbi tatu, ngoma ya ngozi ya mbuzi, na kinanda cha kuvuta. Huo nao ukaisha ndani ya wa tatu. Hakukuwa na ufa wa kuingiza hata kikohozi.

"Hiyo ni orutu," Jackton alisema, akionyesha fidla kwa kidevu. "Orutu iliyopelekwa shule."

"Kwetu ni siilili."

"Kwenu mliiga. Hawachoki hawa?"

"Alhamisi walipumzika kwa sababu ya chakula."

Saa tisa na dakika kumi. Saa tisa na robo. Protus alimpungia mkono Madam Noreen, aliyekuwa kwenye duara na fidla yake. Madam alimjibu kwa tabasamu, akadhani anaombwa kugeuza uso, akaugeuza. Protus akapiga picha moja. Angefanyaje? Uso ulikuwa umegeuzwa vizuri.

Simu yake ilitetemeka. Mama yake alikuwa ameandika kwamba walivuka Kisumu salama, na sasa wamekaribia kufika. Protus alidhani wanakwenda matangani. Akairudisha mfukoni.

Kisha, saa tisa na dakika ishirini, adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikiti wa jirani, na muziki ambao hakuna Mkenya angeweza kuuzima ukazimika wenyewe. Upinde ukashuka gotini. Mafundi sauti na wageni waliokuwa wakienda kuswali wakaondoka. Waliobaki walikunywa chai ya mnanaa kwa sauti ya chini, na Madam Noreen akaweka fidla kitini, akabadili mawazo, akaibeba, akatoka nayo.

Kiti kando ya mzee Colm kikabaki kitupu.

Protus alimwendea mzee, akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote kwa Kiingereza: mchumba, mjomba, makoti, saa kumi. Mzee alisikiliza kwa adabu kubwa. Alikuwa mhandisi wa maji mstaafu mwenye nyusi nyeupe zilizoota kila upande.

"Kijana wangu," alisema, "ningependa kukusaidia. Lakini wimbo ule hauagizwi kama chai. Ukiniomba niuimbe, hautakuja."

"Na nisipokuomba?"

"Huenda ukaja. Huenda usije."

"Utakuja lini?"

"Hilo ndilo swali ambalo hukupaswa kuuliza," alisema mzee Colm, akanywa chai.

Protus alirudi kwa Jackton na habari hizo. Jackton alizisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani mafi, hakuna wimbo," alisema.

"Hajasema mafi. Amesema huenda."

"Wafula, mimi nimewahi kulinda benki. Mtu akiniambia mlango huenda umefungwa, najua uko wazi." Akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfuko wa kulia wa suruali. "Nitangoja mpaka saa kumi kwa sababu ya heshima. Si yako. Ya wale wazee waliovaa makoti."

Hapo Protus alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ainunue kamera ile. Aliitoa shingoni, akaishika mkononi, akangoja.

Saa kumi kasoro dakika kumi waliokwenda kuswali walirejea, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugusa ala. Kimya kilikuwa bado kinafaa. Jackton alikuwa amesimama kazini tangu saa kumi na mbili asubuhi, na viatu vya ulinzi havina huruma. Aliangaza macho akitafuta pa kupumzisha nyayo zake, mara moja tu, kidogo tu.

Kulikuwa na kiti kimoja kitupu.

Akaketi.

Protus aliona. Mzee Colm alikuwa ameshusha kikombe. Alikuwa amefumba macho. Mkono wake wa kushoto uliinuka kutoka gotini, taratibu, kama mkono wa kipofu, ukaelekea upande wa kiti ambacho kwa siku mbili kilikuwa cha fidla, na sasa kilikuwa cha ulinzi.

Jackton aliutazama mkono ule ukija. Alilelewa Ugenya na nyanya yake. Mzee akikunyoshea mkono, mkono wako huenda wenyewe, hata kama kichwa chako bado kiko kwenye kikao.

Akaupokea. Kwa mkono wa kulia, kama alivyofunzwa.

Na mzee akaanza.

Hakukuwa na ngoma wala fidla. Ilikuwa sauti moja, nyembamba, kuukuu, katika lugha ambayo hata nusu ya Waayalandi wenyewe hawakuielewa. Lakini vina vilikaa mahali pake na mizani haikuyumba. Mwisho wa ubeti wa kwanza mkono wa mzee ulianza kuzunguka, na mkono wa Jackton ukaenda nao: chini, mbele, juu, nyuma. Kama mtu anayeteka maji kisimani.

Jackton alimtazama Protus. Macho yalisema: kumbe ni kweli.

Ubeti wa tatu. Saa ya ukutani ikafika saa kumi kamili, na mfuko wa kulia wa suruali ya Jackton ukaanza kutetemeka.

Mjomba Elkanah ni mtu wa kutunza wakati.

Jackton alijaribu kuvuta mkono. Mzee aliushika zaidi. Chozi moja lilimtoka mzee, likapita kwenye mkunjo wa shavu, na Jackton akaacha kuvuta. Mfuko ukanyamaza. Ukaanza tena. Mkono wa kushoto haukuufikia; aliujaribu, akaonekana kama mtu anayejikuna mbele ya mchungaji, akauacha.

Akamtazama Protus tena. Safari hii macho yalisema: njoo, toa simu, pokea, sema endeleeni.

Protus aliyaelewa vizuri sana. Zilikuwa hatua nne tu. Lakini mwanga wa alasiri ya Jedda ulikuwa ukiingia dirishani upande wa kushoto, unampiga mzee kwenye nyusi na mlinzi kwenye vifungo vya shaba, na kati yao mikono miwili, mmoja mweupe wa mishipa, mmoja mweusi wa mifupa, na juu ya yote macho ya mtu anayeomba msaada kwa roho yake yote.

Ni macho hayo yaliyoifanya picha iwe nzuri.

Protus akapiga goti. Akapiga picha. Akasogea nusu hatua, akapiga nyingine. Mfuko ulitetemeka mara ya tatu, mara ya nne. Ubeti wa saba, wa nane. Ulipofika ubeti wa kumi na moja alikuwa amepiga picha ishirini na tatu, na hakuna hata moja ambayo mtu anaangalia kamera kwa furaha.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Mzee alifumbua macho, akaona amemshika mlinzi. Hakushangaa.

"Ahsante," alisema.

"Wimbo huo unasema nini?" Jackton aliuliza.

"Ni mwanamke anayengoja neno kutoka ng'ambo. Mwenye neno alichelewa."

Jackton aliruka kitini kama aliyekalia siafu. Alitoka mbio hadi kwenye ukuta wa kuingilia, Protus nyuma yake, akafungua simu. Zilikuwa simu saba alizokosa. Akapiga, akaweka sauti ya nje kwa sababu spika ya sikioni ilikufa tangu Ramadhani.

"Mjomba! Nisamehe, nilikuwa nimeshikwa!"

"Hata sisi tulisema hivyo," sauti ya Elkanah ilijibu, pole pole, ya mtu aliyeshiba safari. "Tulikupigia, hukupokea. Wazee wakasema mwanamume asiyepokea simu yuko kazini, na aliye kazini anastahili mke. Tukaingia."

Jackton alifumba macho. Akamvuta Protus, akamkumbatia mpaka kamera ikamchoma mbavu.

"Vizuri, mjomba! Vizuri kabisa! Ni desturi yao, nimeona kwa macho yangu, nimezungushwa mimi mwenyewe! Endeleeni!"

"Tuendelee wapi?"

"Ndani! Ketini, semeni neno!"

"Ndiyo nakuambia, mwanangu. Tumeingia, lakini viti vimejaa."

Jackton alimwachia Protus.

"Vimejaa nani?"

"Wageni. Walitutangulia nusu saa. Wazee wanne na mama mmoja mwenye sauti kubwa. Wametoka Bungoma. Wanasema hawatoki hapa mpaka wasikilizwe, kwa sababu mtoto wao aliye Saudia aliwatumia picha ya msichana, na jina lake, na kwao. Mama huyo ameichapisha, ameitia fremu. Ameipakata hapa mbele yangu. Ni Emmah wetu, ameketi na Mzungu."

Ukumbini nyuma yao fidla zilikuwa zimeanza upya, wimbo ukiingia ndani ya wimbo.

"Mjomba," alisema Jackton. "Huyo mtoto wao anaitwa nani?"

"Subiri, nimuulize mama."

Hawakuhitaji kusubiri. Jackton aliinua macho kutoka kwenye simu, akayapeleka ukutani, kwenye picha kubwa kama mlango, kisha akayashusha hadi chini ya picha, pale palipoandikwa.

Akayasoma majina kwa sauti, yote matatu, moja baada ya jingine.

Na Protus Wafula Simiyu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alitamani wangekuwa wawili.